Ng'ombe Aliyeandikwa Kuku

Siku watu wa kodi walipoupiga mnyororo mlango wa Majidi, mtaa mzima wa Kanyenye ulimcha Mungu ghafla.

Majidi hakuwa mtu wa kufungiwa duka. Nusu ya nyumba mpya za Tabora ziliezekwa kwa mabati yake, na malori yake ya saruji na nondo yalifika Urambo, yakafika Igunga. Ukinunua kwake mabati ya nyumba nzima, kijana wa kaunta alikupa risiti ya bati moja na misumari yake, tena kwa tabasamu. Na wewe, kwa kuwa umepunguziwa bei, uliikunja ile karatasi ukatabasamu vilevile. Aliuza hivyo miaka mingi na hakuna aliyekuwa hajui. Basi asubuhi ile gari jeupe liliposimama mlangoni kwake, wakashuka maofisa na mnyororo mnene kama wa kuvutia trekta, wafanyabiashara wa mtaa ule walitoka vibarazani wakatazama. Kufuli lilipolia, walirudi ndani mmoja mmoja, kwa mwendo wa mtu aliyekumbuka kwamba ameacha chungu jikoni.

Walichokumbuka ni mashine zao za risiti.

Recheli aliwaona wote, maana duka lake lilikuwa kwenye kona na hakukuwa na la kumfichika. Aliyekuwa jirani naye, Bernardo muuza rangi na mabomba, aliitoa mashine yake chini ya kaunta ikiwa imefumwa utando wa buibui, akaipangusa kwa shati lake mwenyewe. Wa upande wa pili alikuta panya wamekata waya. Kufika mchana karatasi za mashine ziliadimika mjini kama sukari siku za mfungo. Watu waliokuwa wakiuza godoro bila kuandika chochote sasa walitoa risiti ya msumari. Bernardo alionekana akimkimbilia bibi mmoja aliyenunua brashi, akipiga kelele, "Mama! Risiti yako, mama! Usinitie matatani!" Yule bibi, akidhani anadaiwa, aliongeza mwendo mpaka akapotelea sokoni.

Recheli hakukimbia popote. Mashine yake ilikuwa juu ya kaunta, mahali ilipokuwa tangu afungue duka. Watu walimwita Mama Stela, kwa jina la bintiye. Akigeuka kisogo walimwita Mama Risiti. Alikuwa Mmoravian wa Usoke, mtu wa maneno machache, na ukimuuliza kwa nini anatoa risiti hakuwa na hotuba ya kukupa. Alipofungua duka aliambiwa atoe risiti, akatoa. Isitoshe, aliona ni rahisi kukumbuka bei moja kuliko kukumbuka mbili.

Lakini bei moja ilikuwa imemfikisha pabaya. Mteja akiingia aliuliza, "Na bila risiti je?" Recheli akijibu kwamba bei ni hiyo hiyo, mteja anavuka barabara kwenda kwa Majidi. Mabati aliyoyaleta baada ya mavuno ya mwaka jana bado yalikuwa yameegemea ukuta, vumbi limeyatia rangi ya udongo. Alikuwa amejiwekea neno moyoni, asilomwambia hata Stela: msimu huu wa kuezeka ukipita kama uliopita, atauza vilivyobaki kwa bei ya kutupa, atafunga duka, atarudi Usoke kushika jembe. Njia nyingine ilikuwa kuuza kama wenzake. Hiyo hakuitaka, ila alijua ipo, kama mtu anavyojua kuna nyoka darini.

Kwa hiyo mnyororo ule, kwake, ulikuwa mvua. Sasa kila duka lilikuwa na bei moja, na bei yake haikuwa kubwa kuliko ya mtu. Wateja walirudi. Aliyerudi wa maana kuliko wote alikuwa Felisiani wa Kwihara, katibu wa kamati iliyokuwa ikijenga kigango kipya cha Wakatoliki.

"Mwangaluka, mama," alisalimu, akavua kofia.

"Mwangaluka, katibu. Karibu ndani."

"Kuta zetu zimekwisha. Tunataka paa. Na mimi mwenyewe nina kijumba changu pale, nitaezeka pamoja na kanisa, gari liwe moja." Akacheka kidogo. "Tukishauza mpunga tunakuja. Tuwekee."

Wakakubaliana kwa mdomo. Recheli aliyafuta vumbi yale mabati kwa mkono wake. Mabati ya kanisa peke yake yangelivusha duka lake msimu.

*

Mwezi haujaandama mara ya pili, mnyororo ukafunguliwa.

Yalisemwa mengi, lakini jambo lenyewe lilikuwa fupi. Majidi alikiri, akaomba radhi, akalipa faini, yakaisha. Siku chache baadaye wafanyabiashara waliitwa kwenye mkutano wa kuelimishwa juu ya kodi, na nani alikuwa amekalishwa kiti cha mbele? Akaombwa asalimie. Majidi alisimama, akaweka mkono kifuani, akasema, "Ndugu zangu, tulipe kodi. Kodi ndiyo inayojenga shule za watoto wetu. Tuwe wazalendo." Watu walipiga makofi. Kuna mmoja aliyepangusa machozi, na si kwa kicheko.

Bernardo alirudi kutoka mkutanoni akaingia moja kwa moja dukani kwa Recheli, akaketi juu ya mfuko wa saruji.

"Mama Stela, umehesabu?"

"Nihesabu nini?"

"Faini ya mwenzetu. Mimi nimehesabu njia nzima. Ile aliyolipa haifiki kodi aliyoikwepa msimu mmoja. Msimu mmoja, mama! Na kaanza zamani, kabla mimi sijaoa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ile si adhabu. Ile ni bei." Bernardo alionekana kama mtu aliyefunuliwa siri ya mbingu. "Sisi tulikuwa tunaogopa kwa sababu hatukujua bei. Sasa tumeijua, na ni nafuu."

"Na wewe utainunua?"

"Mimi? Mimi ni mtu mdogo, mama. Mtu mdogo hata kukamatwa hakamatwi." Akasimama, akajipangusa saruji matakoni. "Na wewe ujionee huruma. Kushika njia iliyonyooka peke yako ni sawa na kupotea. Utamuuliza nani?"

Kesho yake alimrudisha buibui wake nyumbani. Au tuseme alifanya vizuri zaidi: aliiacha mashine juu ya kaunta, akaifunika kitambaa cha kufuma, akaweka juu yake chombo cha maua ya plastiki. Ukiingia ungedhani ni redio ya marehemu. Wengine hawakujisumbua hata kwa maua. Wiki haikwisha, na yule aliyekuwa akitoa risiti ya msumari alikuwa akimuuliza mteja kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza chai ya rangi au ya maziwa, "Na risiti au bila?"

Cha ajabu, walikuwa wabaya kuliko mwanzo. Kabla ya mnyororo walikwepa kwa aibu, wakiangalia mlango. Sasa walikwepa kwa hoja.

Felisiani alirudi, mpunga umeuzwa. Safari hii hakuvua kofia.

"Mama, kamati imekaa. Tunaomba bei ya bila risiti."

"Tulikubaliana, katibu."

"Tulikubaliana wakati ule. Mambo yamelegea. Huko mbele wanatupunguzia." Hakumtaja Majidi, alielekeza kidevu tu upande wa pili wa barabara. "Ni nyumba ya Mungu, mama. Mungu halipi kodi."

"Mungu haezeki nyumba pia. Mnaoezeka ni nyinyi."

"Basi fikiria. Nitapita Jumatatu. Ukisema hapana, sitakulaumu, nitavuka barabara."

*

Jumamosi asubuhi aliingia mtu ambaye Recheli hakuwahi kumwona, akataka mabati machache ya banda la mbuzi. Akauliza swali lao lile. Recheli alitazama mlango, akatazama mabati ya Kwihara yaliyofutwa vumbi, akatazama mashine. Kisha akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Haya, chukua."

Mtu yule alichukua, akalipa, akaondoka na mkokoteni. Hakuna radi iliyopiga. Recheli alichukua kitambaa akaifuta kaunta iliyokuwa safi, akaifuta tena.

Mchana wake ilikuwa karamu ya Majidi. Alikuwa amechinja ng'ombe wawili kumshukuru Mungu kwa kumvusha, na amealika mtaa mzima. Viti vya plastiki vilijaa mbele ya duka, chini ya turubai, na masufuria ya pilau yalipangwa ndani, hivi kwamba ili ule ilibidi upite mlango ule ule uliokuwa umepigwa mnyororo. Majidi aliona jambo hilo linapendeza. Recheli alikwenda kwa sababu kutokwenda kungekuwa ni kusema neno, naye siku hiyo hakuwa na neno la kusema. Felisiani naye alikuwepo, ametoka Kwihara kwa baiskeli.

Watu walikuwa wanaanza kusimama na sahani ndipo filimbi ilipolia.

"Mzaramo kaingia!" akasema mtu, na vicheko vikaanza kabla ya kitu chochote kuchekesha.

Alikuwa Swaumu. Alizaliwa Kisarawe, akaletwa Tabora bibi harusi na mtu wa reli, mume akafa, yeye akabaki anauza mihogo ya kukaanga karibu na stesheni. Kati ya Wazaramo na Wanyamwezi kuna utani, tangu siku zile mababu wa hawa walipobeba pembe za ndovu mpaka pwani na mababu wa wale wakawapokea kwa maji na matusi. Mtani anaweza kukuzuia harusini, anaweza kulala ndani ya kaburi ulilochimbiwa mpaka wenzako watoe chochote. Atasema atakalo, nawe utacheka na kulipa. Sheria ni moja tu, na hata mtoto anaijua: mtani hakasirikiwi.

Swaumu alikuwa amevaa koti la reli la marehemu na kofia yake. Begani alibeba kamba nene ya katani. Aliifunga nguzo kwa nguzo, ikaziba mlango, na katikati yake akaning'iniza gunzi la muhindi.

"Nimefunga!" akapiga kelele, akaligonga gunzi. "Kufuli hilo! Hailiwi pilau hapa mpaka nione risiti!"

"Tuna njaa, we mwanamke!"

"Nyamazeni, wapagazi nyie! Babu zenu walibeba pembe mpaka migongo ikapinda. Nyie hata kodi inawashinda kubeba!"

"Na babu zako walikuwa wamelala chini ya minazi wanasubiri kuletewa," alijibu mzee Adriano, mkubwa kwa umri kuliko wote pale.

"Walilala, ila hawakuiba! Shikamoo, mzee. Leta sahani. Unataka nyama vipande vingapi?"

"Marahaba. Vitano."

"Vitano." Alipokea sarafu ya mzee, akachana kipande cha mfuko wa saruji, akakitia mate, akambandika mkononi. "Risiti yako hiyo. Nimekuandikia mchuzi."

Watu walishika mbavu. Mmoja mmoja walilipa, wakapita chini ya kamba. Bernardo alipofika, Swaumu alivua kofia kwa majonzi.

"Pole, baba. Nasikia mashine yako imewekewa maua. Imefariki lini? Mbona hatukuitwa matangani?"

Bernardo alicheka mpaka machozi, akatoa noti, akaomba risiti yake iandikwe ukoko.

Ndipo Majidi mwenyewe alipotoka ndani, kanzu nyeupe, amefurahi. "Na mimi je, ofisa?"

"Wewe ndiye niliyekufuata. Umechinja ng'ombe wangapi?"

"Wawili."

"Wawili!" Swaumu alichana kijikaratasi kidogo kuliko vyote, kama ukucha. "Nimekuandikia kuku. Kuku mmoja, tena mwenye mdondo."

Kicheko kilivuma mpaka wapita njia wakasimama. Majidi naye alicheka, akatoa noti, akaipunga watu waione. Lau angeingia ndani wakati huo, mambo yangeishia hapo. Lakini alibaki, maana alipenda kuonekana akitaniwa. Swaumu alipiga magoti mbele ya kamba, akakunja mikono, akalia kwa sauti ya Majidi: "Waheshimiwa, nilipitiwa! Mashine ilinidanganya! Mimi mzalendo!" Akainuka, akajipangusa magoti, akaweka mkono kifuani, akageukia umati: "Ndugu zangu, tulipe kodi!"

Majidi sasa alicheka kwa meno tu.

Nyuma ya Bernardo alikuwa Recheli. Swaumu alipomwona, sauti yake ilibadilika. Aliinyanyua kamba juu kwa mikono miwili.

"Huyu apite bure. Mama Risiti, pita, mwanangu. Kula bila kuulizwa. Ni wewe peke yako hapa."

Watu waligeuka kumtazama. Ilikuwa hatua moja tu. Recheli aliishika sahani yake, akaitazama ile kamba iliyonyanyuliwa, na miguu ikakataa.

"Hapana, Swaumu. Nitoze na mimi."

"Nikutoze nini?"

"Leo asubuhi nimeuza vibati vya banda bila risiti."

Hakuyasema kwa sauti kubwa, lakini turubai zima liliyasikia. Wa kwanza kujibu alikuwa Majidi, na alicheka kicheko chake cha kwanza cha kweli siku ile.

"Mmesikia? Hata Mama Risiti! Hata yeye! Sasa nani wa kunicheka mimi hapa? Wote sisi ni kitu kimoja!"

Recheli aliwatazama wenzake. Alitegemea dharau. Hakukuta dharau; alikuta nyuso zimefunguka, zimepumzika, kama za wanafunzi walioambiwa kwamba darasa zima limefeli. Bernardo alishusha pumzi, akanong'ona, "Afadhali." Neno hilo lilimuuma kuliko lake mwenyewe. Miaka yote ile aliona wanamcheka. Hakujua kwamba alikuwa anawakosesha usingizi.

"Kitu kimoja na nani?" Swaumu aliishusha kamba. "Huyu kajisema mwenyewe. Wewe mpaka uletewe mnyororo. Huyu kauza vibati vya banda bila risiti kwa sababu wewe uliuza vya mji mzima, ukarudi na pilau! Adhabu yako, Majidi, analipa huyu mama. Sisi tunalipa. Wewe umelipa kuku."

Safari hii waliocheka walikuwa wachache, nao walicheka chini chini.

"Mtoeni!" Majidi aliishika kamba ya katani akaivuta kwa nguvu, gunzi likaanguka likaviringika miguuni mwa watu. "Mtoeni huyu mwanamke mlangoni kwangu! Muuza mihogo, mchafu, anakuja kunifundisha mimi! Mnamtazama nini? Mtoeni!"

Hakuna aliyenyanyuka. Hata vijana wake wa dukani walitazama chini.

Mzee Adriano aliweka sahani yake chini, nyama ikiwa bado juu. "Majidi," alisema polepole. "Umemkasirikia mtani."

Akasimama. Wazee wengine nao wakasimama, wakafuta vidole. Rangi ya Majidi ilibadilika. Alizaliwa Kwihara, baba Mnyamwezi na mama Mnyamwezi, hakuhitaji kuelezwa. Aliyemkasirikia mtani humpoza kwa mbuzi, mtani akimpokea shauri limefungwa. Asipompokea, liko wazi, na likiwa wazi watani wote wa mji hawakanyagi kwako, si harusini, si msibani. Nani anataka kuzikwa bila mtani wa kumzuilia jeneza na kumtukana? Huko ni kuzikwa kama aliyezikwa kwa siri.

"Basi, basi," Majidi alisema haraka, mkono tayari mfukoni. "Nimekosa. Jamani, hasira tu. Ni mbuzi, si mbuzi? Natoa mbuzi. Natoa wawili. Swaumu, sema wewe, wangapi?"

Swaumu alikuwa amekwisha kuvua kofia ya reli. Bila kofia alikuwa mwanamke mzee aliyetukanwa mbele za watu.

"Unaniuliza bei," alisema.

"Ndiyo. Sema tu."

"Hii siiuzi."

Aliokota gunzi lake, akaenda zake.

*

Mtu anayeusifu mji asiusifu mno. Wengi walibaki wakamaliza pilau, kwa hoja kwamba ng'ombe hana kosa. Na Jumatatu Kanyenye ilifungua maduka kama kawaida yake. Bernardo aliyatoa maua juu ya mashine, kitambaa alikiacha.

Lakini tayari Jumapili ile ile Majidi alikuwa amempeleka Swaumu mbuzi, dume jeupe la kupendeza, na kabla ya jua kutua mbuzi akarudishwa. Jumatatu asubuhi akapelekwa tena, akarudishwa tena, safari hii akiwa amekula mchicha wa wauza mboga njia nzima, nao wakamfuata wakidai. Vijana wa Majidi hawakujua wamweke wapi. Walimfunga kwenye kile kichuma cha mlangoni kilichokuwa kimeshika mnyororo.

Recheli alifika mapema. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuitoa risiti ya yale mabati ya banda, kwa bei yake kamili, kodi akaikata kwenye faida yake, ambayo haikuwepo. Mwenye nayo hakujulikana aliko, basi akaichomeka kwenye msumari ukutani. Kisha akaketi kumsubiri Felisiani, akijua atakavyomjibu, akijua pia njia ya Usoke.

Felisiani aliingia na kofia mkononi.

"Mwangaluka, mama."

"Mwangaluka, katibu. Jumamosi nilikuona. Ulikula vizuri."

"Nilikula kidogo tu." Akakohoa. "Mama, jana baada ya misa nilisimama kutoa taarifa ya paa. Sijafungua mdomo vizuri, bibi mmoja, Yustina, kipofu nusu, akauliza toka nyuma: 'Katibu, mabati ya kanisa yataandikwa ng'ombe au kuku?' Kigango kizima kikaangua kicheko. Hata padri aligeukia ukutani, mabega yanatikisika. Habari imefikaje Kwihara kabla yangu, mimi sijui. Nilipanda baiskeli usiku ule ule wa karamu."

"Maneno hayapandi baiskeli."

"Basi niandikie. Yote. Ng'ombe mzima, na kwato zake, na mkia."

Recheli aliandika. Mashine ilinguruma, karatasi ikatoka ndefu, ikainama ukingoni mwa kaunta. Felisiani aliisoma mstari kwa mstari, akaikunja kwa heshima, akaitia mfuko wa kifuani kama skapulari iliyobarikiwa. Hela akaweka juu ya kaunta. Duka lilikuwa limevuka msimu.

Lakini hakuondoka. Alitazama mlango, akasogea, akashusha sauti.

"Sasa mama, yale ya kijumba changu... yale ni yangu binafsi, hakuna wa kuuliza. Bila risiti utanifanyia ngapi?"

Recheli alitafuta hasira, hakuipata; alipata kitu chepesi zaidi, karibu na kicheko.

"Bei ni hiyo hiyo, katibu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Felisiani alikuna kichwa kwa ukingo wa kofia. "Basi hayo nitaangalia huko mbele."

Akavuka barabara, risiti ya Mungu ikiwa imetuna kifuani mwake. Mlangoni kwa Majidi yule mbuzi alikuwa amelala kuziba njia, akicheua, na ilibidi katibu amzunguke kwa ubavu, ameshika ukuta. Kutoka kibarazani kwa Bernardo mtu alipiga kelele:

"Katibu! Mwambie akuandikie walau jogoo!"

Felisiani alijifanya hakusikia, akaingia ndani. Recheli alifunga hela mtandioni, akaita wapakiaji waje kuyashusha mabati ya Kwihara ukutani.